Ruhusa za Nchi Nne kwa Safari Moja ya Meli

Watu wengi wa kwetu, tangu waliposikia kwamba mimi na mke wangu tulizunguka baharini kwa meli ya utalii mwezi wa Oktoba 2019, wamekuwa wakija kuniuliza habari za bahari, za vyakula na za usingizi melini. Hayo nimekwisha kuyasimulia mara nyingi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za karatasi, nami naona karatasi ndizo zilizokuwa safari yenyewe, kwa kuwa zilituchukua miezi mitatu, na bahari ilituchukua siku tisa tu. Basi leo nataka kuyaeleza hayo, pamoja na kosa nililolifanya, ambalo mpaka sasa sijapenda kulitaja mbele ya watu.

Binti yetu, ambaye ni mwuguzi huko Uingereza, ndiye aliyetulipia nauli, kwa ajili ya miaka 40 ya ndoa yetu. Meli ilikuwa itoke Piraeus, ile bandari ya Athene, iende kisiwa cha Mykonos, kisha Kuşadası katika Uturuki, kisha irudi Ugiriki katika kisiwa cha Rodo, halafu Limassol katika kisiwa cha Kupro, halafu Port Said katika Misri, na mwisho Piraeus tena. Nchi nne. Mke wangu alipoisoma orodha ile aliweka kidole chake juu ya Kuşadası, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mchungaji wetu kwamba kutoka hapo mpaka magofu ya Efeso si mbali. Mimi kidole changu kilikuwa juu ya Port Said. Marehemu baba yangu alipelekwa Misri mwaka 1942 pamoja na vikosi vya paonia. Hakuwa Keya wa bunduki, bali mtu wa sururu na karai, naye alipakua shehena kandokando ya Mfereji wa Suez mpaka vita vilipokwisha. Alirudi na maneno machache ya Kiarabu, ambayo alituamkia nayo alfajiri tulipochelewa kwenda kukama ng'ombe. Alikwenda mpaka huko pasipo pasi wala viza. Namba yake ilikuwa shingoni. Kipande chake, ambacho Serikali ya wakati ule ilimlazimisha kila Mwafrika mwanamume kukichukua, alikiacha nyumbani katika mkebe wake.

Sasa mwanawe, kwa kuyafuata maji yale yale, alihitaji karatasi nyingi sana.

Jambo la kwanza ambalo msomaji apaswa kulifahamu ni hili. Ugiriki ni mojawapo ya nchi zile zinazoitwa za Schengen, ambazo mwaka ule wa 2019 zilikuwa 26, na tangu 2024 zimekuwa 29. Nchi hizo zimeondoa ukaguzi katika mipaka iliyo kati yao, hata viza moja humfungulia mtu zote, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Schengen ni kijiji kidogo cha Luxembourg kandokando ya mto Moselle. Mapatano yalitiwa sahihi hapo tarehe 14 Juni 1985 na nchi tano, tena yalitiwa sahihi ndani ya meli iliyokuwa mtoni. Jambo hilo lilinichekesha nilipolisoma, maana meli ndiyo iliyonitia taabuni.

Taabu ni kwamba Uturuki na Misri hazimo katika mapatano hayo, na Kupro mwaka ule ilikuwa haijaingia, ingawa imo katika Umoja wa Ulaya. Abiria hulala katika chumba kile kile, hula katika meza ile ile, naye hudhani kwamba hakuhama. Lakini kwa macho ya sheria, meli iliyotoka Mykonos ikaenda Kuşadası imemtoa katika Schengen, na ikimfikisha Rodo, ameingia mara ya pili. Tena viza ya Schengen ina mahali palipoandikwa idadi ya kuingia: 01, ama 02, ama MULT, maana yake mara nyingi. Ni kama ile viza ya pamoja ya watalii ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuitoa mwaka 2014: mgeni huzunguka katika nchi hizo tatu apendavyo, lakini akivuka kwenda Tanzania, viza yake imekwisha.

Nilikuwa karani kwa miaka 31, na kazi yangu ilikuwa kupokea fomu za watu dirishani. Kwa hiyo nilichukua jukumu lote la karatasi, nikamwambia mke wangu asijishughulishe. Nilitayarisha faili mbili. Niliweka taarifa za benki, barua ya pensheni, hati ya shamba, cheti cha ndoa, na karatasi za malipo ya majani ya chai, ili kuonyesha kwamba tuna kitu cha kuturudisha nyumbani. Niliweka bima ya matibabu, ambayo sheria yao yataka iwe ya yuro 30,000 angalau. Ada ilikuwa yuro 60 kwa kila mtu, kama shilingi 7,000 za wakati ule (tangu 2 Februari 2020 ilipanda kuwa 80, na tangu 11 Juni 2024 ni 90). Wakati ule mtu hakuruhusiwa kuomba kabla ya miezi mitatu ya safari. Siku hizi ni miezi sita, na hilo ni jema sana kwa mtu wa meli.

Huko Nairobi tulichukuliwa alama za vidole vyote kumi. Vyangu vilikubaliwa mara moja, kwa kuwa ni vidole vya kalamu. Vya mke wangu mashine ilivikataa. Miaka mingi ya jembe na ya kuchuma chai ilikuwa imeilainisha mistari ya vidole vyake hata haikuonekana. Kijana aliyekuwa pale alimpa kitambaa chenye maji, akamwambia kwa adabu, "Jaribu tena, Mama," naye akajaribu mara tano, na mara ya tano mashine ikakubali. Alinitazama, akasema, "Mashine haijui kwamba nimefanya kazi." Nami nilicheka, nisijue kwamba baada ya wiki chache singekuwa na la kucheka.

Pasi zilirudi zikiwa na viza. Nilizifungua, nikaona picha zetu na majina yetu, nikazifunga, nikazipeleka siku ile ile katika ubalozi wa Misri. Nilikuwa na haraka kwa sababu pasi ni moja na balozi ni nyingi, na ofisi moja ikiishika, nyingine haina budi kungoja. Ya Uturuki haikuwa na shida hiyo, kwa kuwa tuliiomba kwa mtandao. Ya Kupro haikuhitajiwa kabisa, maana Kupro ilimpokea mtu mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi. Nilirudi nyumbani na nakala za kila ukurasa, nikaziweka mezani, nikajiona mtu mwerevu.

Usiku ule mke wangu alivaa miwani yake akazichukua nakala zile. Yeye alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini husoma kila kitu, hata maandishi yaliyo juu ya magunia ya mbolea. Baada ya kitambo akaniuliza, "Mzee, mbona yako imeandikwa MULT na yangu imeandikwa 01?"

Nilimwambia kwamba bila shaka ni namba ya ofisi. Hakunijibu. Alikwenda jikoni akarudi na maharagwe machache mkononi, akaitandaza orodha ya bandari juu ya meza. "Tukishuka kwa ndege Athene, tumeingia Ugiriki," akasema, akaweka haragwe moja. "Tukitoka Efeso kwenda Rodo, tumeingia tena." La pili. "Tukitoka Misri kurudi Piraeus." La tatu. Kisha akasema, "Mimi nina moja."

Niliitafuta nakala ya fomu yake, ambayo niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Penye swali la idadi ya kuingia, katika fomu yangu nilikuwa nimetia alama mahali pa mara nyingi, na katika fomu yake mahali pa mara moja. Balozi walimpa alichokiomba. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

Zilikuwa zimebaki siku 23. Kampuni ya meli ilikuwa imekwisha kutuandikia kwamba abiria asiyekuwa na viza zote hatapandishwa melini wala hatarudishiwa nauli, na siwalaumu, kwa sababu mchukuzi amletaye mtu asiye na ruhusa hutozwa faini ya maelfu ya yuro. Na pasi ya mke wangu ilikuwa imefungiwa ndani ya ubalozi wa Misri.

Alisema kwa utulivu, "Ikiwa haitapatikana, nenda wewe. Aliyekuwa Misri ni baba yako, si baba yangu." Sipendi kuwadanganya wasomaji. Usiku ule, baada ya yeye kulala, nilifikiri juu ya kwenda peke yangu, nikaifikiri sana, nikaona jinsi nitakavyosimama Port Said. Tena nilijiambia kwamba Efeso ni magofu tu, na picha zake zimo katika vitabu. Nilikuwa nikitafuta udhuru kwa kosa langu, na kila udhuru nilioupata ulikuwa ukiondoa kitu chake, si changu.

Jambo jingine lililonijia usiku ule ni la mzee mmoja ambaye alikuja dirishani kwangu zamani, nikiwa kazini. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani kwa miguu, na katika fomu yake jina la baba lilikuwa limeandikwa mahali pa babu. Nilimrudishia, nikamwambia alete nyingine siku ya Jumatatu. Sikumvunjia heshima, nilifuata kanuni. Alinishukuru akaenda zake. Sikumbuki kama alirudi Jumatatu.

Pasi zilitoka kwa Wamisri baada ya siku sita, zikiwa na viza zao. Zilibaki siku 17, na muda wa kawaida wa kujibiwa kwa viza ya Schengen ni siku 15. Tulipanda basi la usiku kwenda Nairobi. Yule binti aliyekaa dirishani aliitazama viza, akaitazama ratiba ya meli, akasema, "Baba, idadi haiongezwi juu ya viza iliyokwisha kutolewa. Mama aombe upya, alipe upya, na uandike barua ya kueleza." Vidole havikuchukuliwa tena, kwa kuwa alama zikishachukuliwa huhifadhiwa, na huweza kutumiwa kwa muda wa miezi 59.

Niliiandika barua ile nimesimama, juu ya meza ndogo iliyokuwa karibu na mlango. Nimeandika barua nyingi za Serikali katika maisha yangu, na zote zilijua kulificha kosa la karani nyuma ya maneno kama "kutokana na sababu zisizoepukika". Hii niliiandika kwa sentensi nne. Nilisema kwamba mwombaji hakujaza fomu yake mwenyewe, kwamba aliyeijaza ni mumewe, kwamba mumewe alikosa, na kwamba meli itaingia Ugiriki mara tatu kama ratiba ionyeshavyo. Mke wangu aliisoma, akasema ongeza jina la kila bandari na tarehe yake, nikaongeza.

Kisha tulingoja. Siku kumi na tatu tulilima, tulipeleka chai, tulikwenda kanisani, wala hatukulitaja jambo lile. Siku ya kumi na nne nilipata ujumbe kwamba pasi imerudi, bila kusema ndani yake mna nini, maana ndivyo ilivyo desturi yao. Nilikwenda peke yangu. Safari hii niliisoma viza hapo hapo dirishani, neno kwa neno, na watu waliokuwa nyuma yangu walianza kunung'unika. Ya kwanza ilikuwa imegongwa muhuri wa kufutwa. Ya pili ilikuwa na MULT. Siku ya tatu tukapanda ndege.

Efeso mke wangu alitembea juu ya mawe yale tangu asubuhi mpaka tulipoitwa, akakataa kukaa kivulini. Rodo, ambako meli ya Mtume Paulo pia ilipita, askari aliigonga pasi yake bila hata kumtazama. Port Said nilikiona kile kijukwaa cha mawe ambacho sanamu ya de Lesseps, mchimbaji wa Mfereji, ilisimama mpaka Wamisri walipoiangusha Desemba 1956; kilikuwa kitupu, na wavulana walikuwa wakivua samaki karibu nacho. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1869, nao si mpana kama nilivyodhani. Nilimtafuta baba yangu katika kila gati, kama mtu awezavyo kumtafuta marehemu, na wapagazi waliokuwa wakipakua shehena walipiga kelele maneno mawili matatu ambayo niliyafahamu.

Tuliporudi Piraeus, askari wa mpaka aliigeuza pasi ya mke wangu kwa muda mrefu, ukurasa wa viza iliyofutwa na ukurasa wa viza iliyo hai, mpaka mikono yangu ikalowa jasho. Kisha akagonga muhuri. Mke wangu aliichukua pasi, akaufungua mkoba wake, akaitia ndani.

"Hiyo ndiyo la tatu," akasema, akauliza mizigo hutolewa wapi.