Kujua Somo na Kulifundisha ni Kazi Mbili

Katika vijiji vyetu wapo vijana waliomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani. Wana shahada za biolojia, hesabu au kilimo. Karibu nao zipo shule za sekondari zenye upungufu wa walimu wa masomo hayo. Watu huuliza: "Mbona vijana hawa hawafundishi?"

Jibu ni hili. Kujua somo ni kazi moja, na kulifundisha ni kazi nyingine. Mimi ni bwana shamba. Naweza kuwaambia wakulima wapande mahindi sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Wengi wataitikia, kisha watapanda kama zamani. Lakini nikichukua kamba, nikafunga mafundo, tukapima pamoja shambani, watashika. Mwalimu naye anahitaji kamba yake.

Kwa hiyo mwenye shahada isiyo ya ualimu hutakiwa kusoma tena. Masomo hayo huitwa Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huyatoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, pia huyatoa, na huko mwanafunzi hakai bweni. Husoma akiwa nyumbani au kazini, na vituo vipo mikoani. Hujifunza jinsi mtoto anavyoelewa, jinsi ya kuandaa somo, na jinsi ya kutunga na kusahihisha mitihani. Kisha huenda shuleni kufundisha, wakufunzi wakimtazama.

Kusomea ualimu nje ya chuo si jambo geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi, huku wakifundisha. Wengi wetu tulijua kusoma kwa mikono yao.

Mwaka jana jirani yangu alinijia. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili binti yake amalize shahada ya biolojia. Sasa binti alitaka stashahada hiyo. Akaniuliza, "Bwana Shamba, niuze na huyu wa maziwa?"

Nikamjibu, "Mzee, huyo usimwuze. Ndiye anayewalisha wadogo zake."

Tulikaa na binti tukapiga hesabu. Leo analima nyanya, analipa ada kidogo kidogo, na jioni anasoma.

Nawe piga hesabu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, uliza kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Pili, uliza kama masomo ya shahada yako yanafundishwa shuleni. Tatu, uliza gharama zote, pamoja na nauli na vitabu. Tena ujue kwamba cheti si ajira. Nafasi za serikali hutangazwa, na waombaji ni wengi. Cheti hukupa haki ya kuomba pamoja nao.

Na siku utakapopata kazi, usizikimbie shule za vijijini. Huko watoto wanamngoja mwalimu wa hesabu.