Askari Wasiosahau

Juzi, baada ya sala ya Isha hapa Kurasini, dada yangu, ambaye huenda Ocean Road kutibiwa saratani ya titi, aliniuliza: "Mdogo wangu, hiyo tiba ya askari wa damu niliyoisikia, itanifaa?" Nikamwomba muhula nisome kwanza.

Nimesoma. Katika damu zetu Mwenyezi Mungu ameumba chembe za kinga ziitwazo chembe T. Nyingi hupigana na adui kisha hufa. Chache hubaki miaka mingi zikimkumbuka, mfano wa mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu yake, na uzeeni bado aisoma. Mwaka 2010 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walitoa chembe hizo kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakazigeuza maabarani ziitambue saratani, wakazirudisha mwilini. Mwaka 2022 ikatangazwa kuwa kwa wagonjwa wawili zilionekana hata baada ya miaka 10, na saratani isirudi. Subhanallah! Tena imejulikana kuwa chembe changa ndizo zidumuzo, na zilizolelewa mno maabarani huchoka; kwa hiyo wataalamu wengine wanapunguza siku za kuzilea.

Lakini tiba hii imefaulu khasa kwa saratani za damu. Uvimbe kama wa titi huwachosha upesi askari hao. Nilimwambia dada hivyo hivyo, bila ya kumpambia maneno.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Basi Jumatatu uniamshe mapema, nisichelewe kupigwa mionzi."