Mchoro wa Bani na Rula ya Mwanafunzi

Zana ya kufundishia yenye kosa ina hasara kuliko kukosa zana kabisa, kwa kuwa mwanafunzi huamini kilichotundikwa ukutani. Maneno haya tumeyasema mara nyingi mbele ya wanachuo wetu, lakini maana yake ilitufikia sawasawa tulipokwenda Sikonge kukagua mazoezi ya kufundisha.

Mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha Darasa la Sita juu ya ukaushaji wa tumbaku ya mvuke, zao ambalo watoto wengi wa huko hulijua kwa mikono yao. Sisi ndio tuliomtengenezea chati ya bani. Mchoro wa asili ulichorwa na mkufunzi mwenzetu kwa AutoCAD, programu ya usanifu wa majengo na mitambo, kwa vipimo kamili: upana milimita 4,800 na kimo milimita 6,000. Nasi tuliuhamishia katika Inkscape, programu ya vielelezo isiyolipiwa, ili tuutie rangi na kuuandikia maelezo.

Somo lilikwenda vyema hadi msichana mmoja aliponyosha mkono. “Mwalimu, bani hili ni fupi. Fito za juu zitakaa wapi?” Mwanachuo akamwonyesha maandishi: kimo mita 6. Msichana akaomba rula, akapima. Upana sentimita 24. Kimo sentimita 24. Sisi tuliokuwa nyuma na daftari la ukaguzi tuliinamisha macho, kwani kosa lilikuwa letu.

Tuliporudi chuoni tulitafuta chanzo. Programu ya usanifu huchora kitu kwa ukubwa wake halisi. Ya vielelezo huanza na karatasi. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420 tu, hivyo bani la milimita 6,000 lilimwagika nje ya ukurasa. Tuliushika mchoro pembeni, tukaupunguza kwa kukisia, kisha tukaubana tena kwa juu ili kichwa cha habari kipate nafasi. Hapo ndipo bani lilipopoteza kimo chake.

Tangu siku hiyo tumefuata utaratibu ambao tunaona vema kuwashirikisha walimu wenzetu.

Kwanza, skeli iamuliwe kabla ya kuhamisha. Kwa skeli ya 1:20, bani letu lapaswa kuwa na milimita 240 kwa 300. Inkscape inapofungua faili la DXF, yaani aina ya faili iliyoanza pamoja na AutoCAD mwaka 1982, hutoa nafasi ya kuipunguza michoro yenyewe hadi ienee A4. Nafasi hiyo tuikatae, kwani huharibu skeli. Tuandike wenyewe 0.05. Aidha tuhakikishe kipimo kilichotumika, kwa maana milimita ikisomwa kama inchi mchoro hukua mara 25.4.

Pili, rangi ikikataa kukaa ndani ya ukuta, tujue kwamba mistari inayoonekana kugusana ni vipande mbalimbali. Dawa ni kuziunganisha ncha zake, au bora zaidi kumwomba msanifu auchore mzingo wote kwa mstari mmoja usiokatika.

Tatu, maandishi mara nyingi hubadilika au kupotea, kwa sababu baadhi ya herufi za programu ya usanifu hazimo katika programu nyingine. Tusipoteze muda kuyatengeneza. Tuyaache, tuandike upya kwa Kiswahili ambacho mtoto atakisoma: tanuri, mabomba ya joto, fito, mlango.

Nne, alama za matofali huweza kugeuka maelfu ya mistari midogo, hata kompyuta ikalemewa. Tabaka lenye alama hizo lizimwe kabla ya kuhifadhi faili, na ukuta utiwe rangi moja tu. Kisha mistari inenepeshwe, maana ile ya msanifu ni myembamba mno kwa macho ya mtoto aliye dawati la mwisho.

Baada ya yote hayo imebaki kazi moja ambayo hakuna programu itakayotufanyia: kuchapa, kuchukua rula, na kupima sehemu moja ambayo ukubwa wake unajulikana. Mapagazi wa Unyamwezi, waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, wasingeshangaa kuambiwa kwamba mzigo ubadilishapo mabega hauna budi kukaguliwa.

Sasa chuoni kwetu hakuna chati itokayo mpaka mwanachuo mwingine, asiyeichora, ameipima. Tulipopeleka chati mpya Sikonge, tulimwomba msichana yule aipime mbele ya wenzake. Alipima upana, akapima kimo, akaangalia nafasi ya fito za juu. Kisha akaturudishia rula, akasema, “Hili sasa ni bani.”