Wenzetu Wafundisha Theluji, Nasi Je, Bahari?

Ndugu msomaji, huenda hujapata kuiona theluji ila kwa mbali, juu ya kilele cha Kilimanjaro, au katika picha ya kalenda. Sisi wa Pemba hata kilele hicho hatukioni. Lakini leo nataka tuizungumze theluji kidogo, kwa maana ina funzo kwa sisi wazazi wa kisiwani.

Katika nchi za Ulaya zenye milima mirefu, majira ya baridi yakifika, kila mahali huwa peupe. Watu huvaa miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, hushika fimbo mbili mikononi, kisha huteremka mlimani kwa kuteleza, mbio kama gari. Vijana wengine husimama juu ya ubao mmoja mpana, miguu yote miwili imefungwa juu yake. Ni mchezo wa raha, tena wa hatari. Asiyejua huvunjika mguu, au hugonga mti, au hufukiwa na poromoko la theluji.

Basi wazazi wa huko wafanyeje? Wamkataze mtoto asiende mlimani, na mlima uko nyuma ya nyumba? La, humfundisha. Ufaransa, mwaka 1953, darasa zima la watoto wa mji wa Vanves, karibu na Paris, lilipelekwa milimani pamoja na mwalimu wao. Sehemu moja ya siku walisoma hesabu na kuandika kama kawaida, sehemu nyingine walijifunza kuteleza. Desturi hiyo ikaenea. Uswisi nako shule nyingi huwapeleka wanafunzi wao, hata wale wa sekondari, kambi ya theluji kwa juma zima wakati wa baridi. Nao hawaanzi kwa kufundishwa mbio. Huanza kwa kujua jinsi ya kusimama, jinsi ya kujizuia, na jinsi ya kuanguka bila kuumia.

Hata Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania mwaka 1990, aliujua mchezo huo tangu ujana wake huko Poland. Mwaka 1984, akiwa Papa tayari, aliteleza juu ya theluji ya mlima Adamello, Italia, na Rais wa nchi hiyo alikuwa mgeni wake huko mlimani.

Pengine utasema, “Hayo ni ya Wazungu, wamezaliwa nayo.” Sivyo, ndugu yangu. Philip Boit ni Mkenya, mwanariadha wa mbio. Alikuwa mtu mzima alipopelekwa Finland mwaka 1996 kufundishwa kwenda juu ya theluji. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, alishindana katika Olimpiki ya baridi huko Nagano, Japani, mbio za kilometa 10. Alifika wa mwisho, wa 92. Lakini alifika. Na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda mbio hizo, alimngoja mwishoni hata akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Basi twaona kwamba hakuna anayezaliwa anajua theluji. Mtu hufundishwa, naye hujua.

Sasa tugeuke kwetu. Mlima wetu sisi ni bahari. Imetuzunguka pande zote, na kila ghuba yaingia mpaka karibu na mashamba ya mikarafuu. Mama zetu wengi hulima mwani, watoto hutafuta chaza na pweza maji yakipwa, na kila safari ya kwenda Unguja ni ya chombo. Je, watoto wetu twawafundisha kuogelea?

Nilimwuliza hayo jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, mvuvi tangu utoto. Akacheka. “Baba Maria,” akaniambia, “mtoto wa pwani hafundishwi kuogelea. Bahari yenyewe ndiyo mwalimu.” Nikamjibu, “Ni kweli, mzee wangu, kwa wavulana. Je, wajukuu zako wa kike, wanajua?” Akanyamaza. Kisha akasema polepole, “Hata mmoja.”

Hivyo ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Wavulana wa pwani hufundishana wenyewe kwa kuruka gatini. Wasichana hubaki ufukoni. Na wengi wetu Wakatoliki wa hapa, ambao wazee wetu walitoka bara, hatujui sisi wala watoto wetu.

Nani hapa Pemba aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011? Meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikija kwetu kutoka Unguja, ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Tume ya Serikali ilihesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Tuliomboleza pamoja, Waislamu na Wakristo. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Dhambi ya kujaza chombo ni kubwa, tena usiku bahari haina huruma. Lakini anayejua kuelea hupata muda wa kushika godoro au dumu na kungoja msaada. Asiyejua hana muda huo.

Wala si meli tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Shirika hilo lashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa wenzao kwa njia ya salama. Tena yawezekana kwa heshima. Kule Nungwi, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika mwili wote.

Nasi twaweza, bila fedha nyingi. Wazazi wa kijiji na walimu wapatane. Wachague siku za likizo, wakati wa maleleji, pepo zikiwa zimetulia; tena siku za maji mafu, ambapo mkondo hauna nguvu. Watoto wawe wachache kwa zamu, maji yawafike kifuani tu, na watu wazima wanaojua bahari wasiwape kisogo hata kidogo. Wasichana wafundishwe na wanawake. Kwanza mtoto ajue kutoa pumzi uso ukiwa majini. Pili ajue kuelea chali. Tatu ajue kupiga miguu mpaka afike ufukoni. Mwisho ajue kwamba mwenzake akizama, asimrukie, maana watazama wote wawili. Amtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, huku akiita watu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Basi Jumapili hii, mkitoka Misa, waite watoto wako wote, wa kiume na wa kike, uwaulize: “Nani kati yenu ajua kuelea?” Kisha umwulize na jirani yako, awe Mkristo au Mwislamu, kuhusu wa kwake. Mtakapohesabu wasiojua, mtakuwa mmekwisha kupata darasa la kwanza.