Karatasi Moja, Wasahihishaji Wengi

Mwaka jana, wakati wa likizo, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alikuja kukaa nami wiki mbili. Jioni moja nikiwa barazani nilisikia gitaa likitoka jikoni alikokuwa akipika, gitaa jembamba na safi, linalokimbia juu juu kwenye nyuzi kama tulivyolizoea katika muziki wa Zaire. Nikamwita. "Hao ni Wakongo gani? Mbona siwajui?" Akacheka. "Babu, hao ni Wamarekani, vijana wa New York."

Ndivyo nilivyokutana na bendi ya Vampire Weekend na albamu yake ya kwanza, yenye jina hilo hilo, iliyotolewa Januari 2008 na XL Recordings ya London, mojawapo ya kampuni za kurekodi zilizo huru, zisizomilikiwa na makampuni makubwa ya muziki. Walikuwa vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia. Mmoja wao, Rostam Batmanglij, ndiye aliyekuwa mtayarishaji. Nyimbo ni 11, na zote pamoja hazifiki dakika 35. Wimbo wa nne umepewa jina la Cape Cod, pwani ya mapumziko ya watu wenye nafasi huko Massachusetts, likaunganishwa na kwassa kwassa, ile ngoma ya Kikongo ambayo Kanda Bongo Man na wenzake waliisambaza duniani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mjukuu wangu alinieleza jinsi albamu ile ilivyopokewa. Wahakiki wengi waliisifu: ni nyepesi, ina furaha, haifanani na roki nzito iliyokuwapo. Wengine waliikasirikia. Walisema hawa ni watoto wa chuo cha kifahari wanaotalii katika muziki wa Afrika, wakakumbushia Paul Simon na Graceland yake ya mwaka 1986. Wasikilizaji nao waligawanyika. Nyimbo zao zilikuwa zimepita mkono kwa mkono mwaka 2007, kabla albamu haijatoka, hata kuna waliochoka na sifa za bendi kabla ya kuisikiliza vizuri. Hata hivyo albamu ilinunuliwa, ikafika nafasi ya 17 Marekani na ya 15 Uingereza.

Msomaji, mimi ni mwalimu. Nilifundishwa ualimu chuoni, nikafundisha, kisha nikawa mkuu wa shule hadi nilipostaafu. Nimekaa miaka mingi katika vyumba vya kusahihishia mitihani, na ninajua kwamba insha moja inaweza kupewa 80 na msahihishaji mmoja na 35 na mwingine, wote wawili wakiwa watu waaminifu. Mara nyingi tatizo si insha. Mmoja amesahihisha kilichoandikwa, na mwenzake amemsahihisha aliyeandika.

Nilipoambiwa kwamba Ezra Koenig, mwimbaji wao, alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn kabla ya albamu kutoka, na kwamba Batmanglij ni mtoto wa wahamiaji kutoka Iran, niliona kuwa picha ya watoto wa matajiri waliochoka na starehe ilikuwa imechorwa kwa haraka mno. Wimbo mmoja wao umepewa jina la alama ya mkato ambayo walimu wa Kiingereza hugombania. Nikatabasamu. Huyo ni mwalimu mwenzangu.

Lakini sitaki kuwacheka waliokasirika. Hoja yao ina uzito. Mpiga gitaa wa Kinshasa aliyeubuni mtindo ule hakuwekewa jukwaa kama lile, na anayeazima cha jirani hana budi kumtaja jirani. Nadhani vijana wale walijitahidi kumtaja, maana waliliweka jina la ngoma kwenye jina la wimbo. Kama hilo linatosha, watu wenye busara wanaweza kutofautiana.

Kilichonikosesha usingizi usiku ule si wao. Mwaka 1989 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejitengenezea gitaa kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Alitunga wimbo wa mahafali, akaupiga kwa mtindo wa kwasa kwasa uliokuwa umeingia mjini. Niliusikiliza kwenye mazoezi, nikaufuta kwenye ratiba. Mbele ya wenzake nilimwambia kwamba shule si kilabu cha pombe, na kwamba kupiga muziki wa Wazaire na kuuita wako ni wizi.

Nilisema hivyo ilhali nyumbani nilikuwa na kanda za Orchestra Maquis, bendi iliyotoka huko huko Zaire ikawa yetu, na za Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo akawa Mtanzania. Hao Wakongo nao walikuwa wamejifunza kwa santuri za Cuba, na mapigo ya Cuba yalivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwamo watu wa Kongo. Hayo niliyajua. Sikuyatumia siku ile, kwa sababu sikuwa nikiusahihisha wimbo. Nilikuwa nikimsahihisha mtoto wa maskini mwenye gitaa la debe.

Mwaka 2005 nilimkuta stendi ya mabasi akiwa fundi cherehani. Aliinuka, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akanifutia kiti. Nikamuuliza kama bado anapiga gitaa. Akasema bila kinyongo chochote, "Uliniambia ni wizi, mwalimu. Nikaacha." Kisha akaendelea kushona. Nilikaa pale nikisubiri basi, wala sikupata la kumwambia.

Wale wa New York walisemwa vibaya na watu wengi kuliko yeye, tena magazetini, lakini waliendelea. Albamu yao ya pili ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 2010, na ya tatu ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2014. Wahakiki wao walikuwa wengi, na msikilizaji aliweza kuchagua wa kumwamini. Mwanafunzi wangu alikuwa na mhakiki mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa shule.

Kabla hajaondoka, mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, wewe ungewapa ngapi?" Nikamwambia 70, kisha nikamwomba aniwekee nyimbo zile kwenye simu yangu. Yule fundi bado yuko stendi. Nitakapokwenda mjini nitampelekea asikilize, na safari hii nitamwomba asahihishe yeye. Kama ataniruhusu, nitamwambia pia lile nililoshindwa kumwambia nikiwa kwenye kiti chake.