Dumu la mafuta limegeuka spika

Najua nimepotea, si mnajua msimu wa tesiti unavyokuwa. Leo sina umbea wa kampasi, nina habari za dumu.

Ni lile dumu la njano la mafuta ya kula, la lita 5, ambalo chumbani kwetu lilikuwa la kuhifadhia maji. Siku hizi linapiga muziki. Msicheke kwanza.

Chanzo ni field ya mwaka jana. Nilipangiwa shule moja ya kata, darasa lina wanafunzi 94, maabara ni jina tu. Tuko kwenye mada ya sauti, binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa spika inatoaje sauti?" Nikachora ubaoni sumaku, koili na karatasi. Akaandika. Lakini usoni nilimwona kabisa kwamba ameandika tu, hajaona kitu. Lile swali nimetembea nalo mwaka mzima.

Basi wiki iliyopita nikashuka Kariakoo. Kwa fundi redio nikapata spika ya inchi 3 iliyong'olewa kwenye redio mbovu, ya omu 4. Nikachukua na kibodi kidogo cha amplifaya kinachoitwa PAM8403, kidogo kuliko kiberiti, pamoja na kibodi cha kuchajia chenye ulinzi wa betri. Betri nikatoa kwenye laptop iliyokufa ya mshkaji, zile za mviringo zinazoitwa 18650, yaani upana milimita 18, urefu milimita 65. Ukizitoa, pima kwanza kwa mita. Ikisoma chini ya volti 2.5, achana nayo, inaweza kukuwakia moto ukiichaji. Jumla ilinitoka shilingi 13,500.

Dumu nililiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka mafuta yakaisha, maana gundi na mafuta haviivi chungu kimoja. Nikakata tundu la duara kwa kisu kilichopashwa moto, vifaa vyote vikapitia hapohapo, halafu spika ikaziba tundu. Waya mmoja ukatoka nje kwenda kwenye simu.

Sasa hapa ndipo panaponoga. Kabla ya kuifunga nilijaribu spika ikiwa uchi mezani. Kalikuwa kasauti kama ka nzi kwenye chupa! Nilipoiweka kwenye dumu, besi ikaja. Amplifaya ile ile, betri ile ile. Kwa nini? Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Sauti nzito ya nyuma inazunguka inakutana na ya mbele, zinauana. Dumu kazi yake ni kuzitenganisha tu. Na ukifungua kile kifuniko cha dumu, besi inabadilika, kwa sababu hewa ya shingoni inatikisika kama unapopuliza mdomo wa chupa ya soda. Nimesoma haya mihadhara miwili mizima, lakini siku hiyo ndiyo niliyasikia kwa masikio.

Tatizo lilibaki moja, plastiki ilikuwa inatetemeka na kukoroma. Nikajaza vipande vya tisheti kuukuu ndani, ikatulia. Kwa betri moja ya volti 3.7 inatoa wati zisizofika 2, lakini korido nzima wanasikia, na wengine wameshalalamika.

Jana sasa. Jamaa wa bloku ya pili kaja na noti mkononi, 35,000, anaitaka. Wadau, mfukoni nina 11,000 na bumu lijalo mnajua wenyewe liko wapi. Usiku sikulala vizuri. 35,000 ni chipsi mayai ngapi? Rumeti wangu kasema uza, utatengeneza nyingine. Kweli, lakini hela ikiingia hapa chumbani haina safari ya Kariakoo, inaishia kwa mama ntilie.

Asubuhi nikamfuata jamaa, nikamwambia hii haiuzwi, ila Jumamosi aje na dumu lake na hela ya vifaa, tutengeneze pamoja. Kanuna kidogo, kisha kauliza, "Dumu la lita ngapi?" Nikajua nimempata.

Hii yangu inapanda basi na mimi kwenda field. Yule binti simfikii tena, safari hii nimepangiwa mkoa mwingine. Ila kila darasa lina wa benchi la nyuma. Akiuliza, nitamwambia aje mbele aweke kidole taratibu kwenye ile karatasi, ausikie wimbo unavyomgonga.

Haya, wenye laptop zilizokufa msitupe betri, nileteeni. Alamsiki.