Uchafu Uliao Hai

Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yamepokea kwa miaka mingi maji machafu ya Kampala kabla hayajaingia Ziwa Viktoria. Wataalamu nao wamejifunza kutengeneza vinamasi vya mkono: shimo lililosakafiwa, changarawe ndani yake, mafunjo au matete juu. Huko Ujerumani, Bibi Käthe Seidel aliijaribu mimea hiyo tangu miaka ya 1950.

Wengi hudhani kazi yote hufanywa na mizizi. Mimi naona mimea husifiwa kupita kiasi kwa sababu ndiyo ionekanayo. Wafanyao kazi kubwa ni bakteria wanaoshikamana na changarawe wakila uchafu upitao. Lakini alaye huongezeka. Bakteria hutoa ute wa kujishikizia, na ute huo, ingawa sehemu yake kubwa ni maji tu, hujaza nafasi baina ya mawe na kunasa takataka nyingine. Hivyo msafishaji mwenyewe ndiye anayeziba njia.

Kiko kinamasi cha namna hiyo chini ya shule moja ya bweni ninayopita kila juma. Penye mlango wa maji pamekuwa dimbwi jeusi linalonuka, na hapo ndipo panapotangulia kuziba, kwani ndipo penye chakula tele. Maji yakikosa kupenya hutambaa juu, yakatoka upande wa pili karibu vile yalivyoingia. Na hewa haiingii tena chini. Mteremkoni ipo chemchemi wanakoteka akina mama.

Dawa yake ni njaa. Wafaransa hujenga vitanda vitatu: kimoja hulishwa siku tatu au nne, kisha hupumzishwa siku saba. Bakteria wakikosa chakula huanza kula akiba yao na ule ute. Utando hukauka, hunywea, na hewa hurudi. Mchanga na udongo, hata hivyo, haviondoki kwa njaa. Changarawe ya mlangoni haina budi kufukuliwa na kuoshwa.

Shule ile ina kitanda kimoja tu, nacho hupumzika wakati wa likizo. Nimemwomba mzee mpishi ayazuie mafuta na makombo ya ugali yasishuke mferejini. Ameniuliza ayatupe wapi. Tumekubaliana makombo yaende kwa nguruwe, na fundi ajenge kishimo cha kutegea mafuta kabla wanafunzi hawajarudi.